Lubumbashi hadi Bagamoyo: tulikwenda kununua nyumba

Jumatatu, Kasumbalesa

Foleni ya malori imeanza kabla hatujauona mpaka wa Zambia. Mengi yamebeba shaba, vibamba vilivyofungwa mikanda ya chuma, yanaelekea kulekule tunakokwenda sisi, bandari ya Dar es Salaam. Teksi iliyotutoa Lubumbashi, kilomita tisini hivi nyuma, ilishindwa kupenya. Tukashuka, tukavuta mizigo kwa miguu katikati ya matairi yaliyonizidi kimo.

Tuko wawili. Mimi nauza vitenge katika soko la Kenya (Kenya yetu, komini ya Lubumbashi, si ile nchi), na mwenzangu ni Yaya, kaka yetu mkubwa. Dar naijua kwa ajili ya mzigo wa Kariakoo. Yaya hajawahi kuona bahari. Yeye ni mjenzi, amejenga maisha yake yote, na nyumba zake nyingi ni za tofali zilizochomwa kwa udongo wa kichuguu, kama wanavyojenga Katanga nzima. Mgongo umemkataza kubeba tofali. Kukosoa tofali za wenzake haujamkataza.

Pesa tunazotembea nazo (ziko benki, msije mkatufuata) ni za parseli, yaani kiwanja, ya marehemu baba kule Kampemba, Lubumbashi. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya Dola, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya elfu kumi kwa mpigo mmoja, kila mtu na bahasha yake. Wengine walinunua gari, baba alinunua ardhi. Sasa tumeiuza, na mdogo wetu wa mwisho, aliye Bruxelles, akatuma kwenye WhatsApp ya familia picha ya mlango uliochongwa wenye misumari ya shaba, nyuma yake bahari. Chini akaandika: “Kwa nini isiwe yetu?” Ndugu yetu wa Kolwezi akaweka moyo. Yule wa Likasi akauliza bei. Yaya akauliza ukuta una unene gani. Ndipo nilipojua tutakwenda.

Jumanne, njiani Zambia

Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, halafu barabara ya kaskazini isiyoisha. Anayependa miti ya miombo atafurahi.

Serenje nilimwamsha Yaya. Kaskazini ya hapo, ndani porini, ni Chitambo, alikofia David Livingstone Mei 1873. Watu wake, Chuma na Susi wakiwa viongozi, waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakaingia Februari 1874. Yaya akahesabu kwa vidole. “Miezi tisa,” akasema. “Na bila pasipoti.” Akalala tena.

Basi limeegeshwa Mpika, maana Zambia haitaki mabasi ya abiria barabarani usiku. Juni huku baridi haina adabu. Nimefungua robota la vitenge vya sampuli, nimemfunika Yaya viwili.

Jumatano, Nakonde na Tunduma

Mpaka mwingine, foleni ileile ya shaba. Ukivuka unasogeza saa mbele kwa saa moja, na vijana wa kubadilisha pesa wanakuzunguka wakitaja kwacha, shilingi na dola kwa pumzi moja. Nawajua wawili kwa sura, siwaamini hata mmoja.

Yaya amekuwa kimya tangu Tunduma. Kuuliza choo tu alisahihishwa na muuza chipsi. Mimi nacheka, Kiswahili changu cha Kariakoo kimeshachongwa kwa miaka. Jioni alinong’ona: “Mudogo yangu, kule kwa wakili utasema weye.”

Alhamisi, kushuka kwenda pwani

Siku nzima ndani ya basi: Mbeya, Makambako, Iringa. Kitonga ndipo watu wote waliacha simu. Barabara inashuka mlimani kwa kona, malori yanalia breki, na mama wa kiti cha mbele alisali rozari kwa sauti mpaka tulipofika tambarare. Mikumi tukaona twiga wamesimama karibu na lami kana kwamba wanasubiri basi lao.

Kituo cha Mbezi tumefika usiku sana. Joto limetupokea mlangoni. Gesti yangu ya Kariakoo imepandisha bei, na ndiyo maana ya safari hii kwa upande wangu: nimechoka kulipa chumba ambacho asubuhi nakiacha bila hata msumari wangu ukutani.

Ijumaa, Dar es Salaam

Kabla ya wakili tulipita kwa ndugu mmoja wa Lubumbashi anayesafirisha mizigo yetu. Alipojua tunachotafuta akacheka, akafunga mlango wa duka, akatupa siri ambayo nadhani huipa kila Mkongomani: tafuta Mtanzania, andikisha nyumba kwa jina lake, wewe shika funguo. Yeye amefanya hivyo kwa jina la mke wake. “Na mukiachana?” Yaya aliuliza. Ndugu akafungua mlango wa duka.

Wakili ni mama wa makamo, ofisi yake iko juu ya duka la vifaa vya umeme. Alimwamkia Yaya shikamoo, na Yaya, ambaye kwetu angeulizwa habari ya asubuhi tu, alichelewa kidogo kupata marahaba yake. Nilimweleza haja yetu. Aliniacha nimalize, kisha akasema maneno ambayo mdogo wetu wa Bruxelles angepaswa kuyasikia kabla ya kutuma picha.

Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Raia anapewa haki ya kuimiliki kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Asiye raia hapewi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, inamwachia mlango mmoja: uwekezaji uliokubaliwa chini ya sheria ya uwekezaji. Hata akipita mlango huo, hati hushikwa na mamlaka ya uwekezaji, naye hupewa haki itokanayo na hati hiyo, kwa mradi ule na kwa muda ule. Nyumba ya likizo ya familia si mradi.

“Tukifungua kampuni?” nikauliza.

“Kampuni ambayo wenye hisa nyingi ni wageni, dada yangu, nayo ni mgeni.”

“Lakini Kongo tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu 2022!”

Hilo alikuwa amelizoea. Itifaki ya soko la pamoja inaruhusu watu, bidhaa na mitaji kuvuka, lakini ibara yake ya 15 inaacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Akaongeza kwamba tusijidanganye kukimbilia Mombasa au Lamu tukidhani huko ni rahisi: katiba ya Kenya ya 2010 humpa mgeni upangaji wa muda tu, usiozidi miaka 99. Kuhusu siri ya yule ndugu wa mizigo, alivua miwani. Mkataba wa kumficha mwenye mali halisi ili kukwepa sheria hauna mtetezi mahakamani. Siku mkikosana, jaji atasoma jina lililo kwenye hati.

Nilidhani Yaya ataudhika. Aliinama, akaniambia kwa Kiswahili chetu: “Lakini hata kwetu iko vile.” Na ni kweli. Sheria yetu ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Dola, haiuziki. Konsesio (haki ya kuutumia) ya milele ni ya Mkongomani peke yake. Mgeni anapata konsesio ya kawaida, miaka 25 inayoweza kuendelezwa. Wale Wahindi na Wagiriki wenye maduka mjini Lubumbashi, tunaosema wamenunua mji, wanahesabu miaka kama wapangaji. Nimeishi nao jirani sokoni maisha yote, na leo ndipo nimekaa upande wao wa meza.

Wakili alipotuona hatunyanyuki, akatupa njia mbili. Bara, mgeni anaweza kupanga nyumba ya raia kwa mkataba halali. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, tukaulize kulekule. “Na mkiona nyumba, msitoe hata shilingi. Nileteeni namba ya hati nifanye upekuzi.” Ada yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa.

Jumamosi, Bagamoyo

Kilomita sabini hivi kaskazini ya Dar. Bahari Yaya aliiona kwenye soko la samaki, wanawake wakikaanga pweza na mashua zikipakua. Alisimama kidogo, akauliza kama maji yale hupanda, yakipanda yanafika wapi, na msingi wa nyumba ya kwanza uko mbali kiasi gani. Nilitegemea machozi.

Dalali alitaka hela ya kutuzungusha kabla hatujaona kitu. Tukalipa nusu. Wimbo wake ulikuwa mmoja: bandari inakuja, bei itapanda. Mkataba wa awali wa bandari kubwa ya Bagamoyo ulitiwa saini 2013, na 2019 serikali ikausimamisha. Tangu hapo kila habari ya redioni humpa dalali sababu ya kuongeza sifuri. Mimi ni mfanyabiashara, najua mzigo unaouzwa kwa uvumi. Huwa nasubiri uvumi upoe.

Lakini mji wenyewe, jamani. Mtaa wa India una nyumba za mawe zilizopangana, baraza nje, milango mikubwa, nyingine zimekarabatiwa, nyingine zimebaki ukuta na mwembe ndani. Lubumbashi ilianzishwa 1910. Nyumba tunayoiita ya kale kwetu ilijengwa bibi yangu akiwa amezaliwa. Hapa Wajerumani waliweka makao yao ya utawala kabla ya kuhamia Dar 1891, na Boma lao la 1897 bado limesimama. Nao walikuta mji tayari unafanya biashara.

Tuliingia kwenye jengo la misafara, kwenye ua mpana ambako wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua mizigo. Mwongozaji alikuwa anaeleza pembe za ndovu zilitoka Tabora na Ujiji. Yaya akamkatiza, kwa mara ya kwanza tangu Tunduma akisema mbele ya mgeni. “Na Bunkeya!” Mke wake ni Muyeke. Wayeke wametoka huku Unyamwezi, na mfalme wao Msiri, aliyeitawala Garenganze, kwetu Katanga, akiwa Bunkeya, mpaka alipouawa Desemba 1891, alikuwa akileta shaba na pembe na watumwa, akirudisha bunduki na nguo. Mwongozaji hakuwahi kusikia Bunkeya. Akaandika kwenye daftari lake. Waliofika uani hapo wakiwa wamefungwa minyororo hakuna aliyeandika majina yao, na humo ndani nilishindwa kuwaza bei za nyumba.

Nyumba yenyewe tuliiona alasiri. Duka mbele, vyumba vitatu nyuma, ua, kisima, orofa moja yenye dirisha linaloona bahari kidogo ukisimama upande wa kushoto. Mlango una tarehe iliyochongwa kwa Kiarabu. Ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeshapanga vitenge.

Yaya alitoa kisu chake. Alianza na plasta, akakwangua, akaonja. “Chumvi.” Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kama urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi vidoleni, lakini chini, mpaka kimo cha goti, mtu alikuwa amepiga saruji. Juu ya saruji plasta ilikuwa imevimba na kumenyeka. Akanionyesha: unyevu unaopanda kutoka chini zamani ulikuwa unatoka nje kupitia chokaa; sasa saruji imeuziba, unapanda juu zaidi, unakwenda na chumvi, chumvi ikikauka inavunja ukuta kutoka ndani. “Hii ukuta iko nakunywa mayi, na wameifunga kinywa.”

Kisha dari. Boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu. Alielewa mara moja kwa nini vyumba vyote ni vyembamba, hakuna kinachofika mita tatu: mkoko una urefu wake, na mjenzi akaufuata. Alipanda ngazi, akachoma ncha ya kila boriti pale inapoingia ukutani, maana ndipo maji hukaa. Nne ziliingia kisu mpaka mpini. Kwenye fremu ya mlango wa nyuma akakuta njia ya mchwa, akaitazama kwa heshima ya mtu aliyejenga maisha yake kwa vichuguu vyao.

“Lakini ni nyumba nzuri,” akasema akishuka. Dalali hakuelewa kama huo ulikuwa mwanzo wa bei au mwisho wake.

Ulikuwa mwisho, ila si kwa sababu ya boriti. Aliyekuwa anauza ni mmoja wa warithi, na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ndugu zake wengine, tuliambiwa, “wanajua.” Nilipomuuliza yupi nimpigie simu, dalali alikumbuka miadi. Na hata wangekubali wote, sisi ni wageni. Kifungu cha 20 kiko palepale. Zaidi ya hayo, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda kila jengo lililojengwa kabla ya 1863, na tarehe ile ya mlangoni, kijana wa msikitini alipotusomea, ilikuwa ya kabla. Ukinunua ukuta wa namna ile, kuuboresha kunataka kibali.

Jumapili, Bagamoyo

Misa kwenye misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868. Mwili wa Livingstone ulilala usiku mmoja kwenye mnara wa kanisa la zamani kabla ya kupelekwa Zanzibar. Yaya aligusa ukuta wa mnara, akaitikia kwa kichwa.

Baada ya misa tukampata mzee mmoja anayechoma chokaa, na siku yetu ikaishia hapo. Matumbawe yanapangwa juu ya rundo la magogo na kuwashwa moto, yanaungua mpaka yawe meupe na mepesi. Halafu yanazimwa kwa maji, na hapo watu hukaa mbali maana yanachemka. Kisha yanasubiri, na kila yanavyosubiri ndivyo chokaa inavyolainika. Mzee alisema vijana hawataki kusubiri, wanataka mfuko wa saruji wenye kamba. Sakafu ya juu zamani ilipigwa kwa vijiti siku kadhaa mfululizo, wanawake wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka maji yasipite.

Yaya alimuuliza mambo ambayo siyaelewi kuhusu mchanga na udongo mwekundu. Mzee naye akauliza kichuguu kinachomwaje. Walichora chini kwa kijiti. Nilikwenda kula pweza peke yangu, nikarudi, bado wanachora.

Jumatatu, Zanzibar

Boti ya saa mbili kutoka Dar, na ukishuka unapita tena kwa maofisa wa uhamiaji, ingawa hujatoka Tanzania.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na bei zake zinalijua hilo. Kila nyumba ya pili ni hoteli. Yaya alitaka kwanza kuona Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash la 1883, ambalo upande wake wa mbele uliporomoka mchana wa Krismasi 2020 na kuua watu wawili. Aliliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia bahari. “Kama ya sultani imeanguka, ya dalali je?”

Dalali wa hapa ni mtu mzima, kanzu nyeupe, hana haraka. Alituketisha barazani Kiponda, akaagiza kahawa, akatuuliza ukoo kabla ya bajeti. Fleti aliyokuwa nayo ilikuwa orofa ya pili, vyumba vinne, ngazi ya mbao iliyosimama kuliko ilivyolala. Yaya hakutoa hata kisu.

“Wenyewe ni wangapi?” niliuliza, nimeshajifunza.

“Saba, Bi mkubwa. Wawili wako Maskati, mmoja Dubai. Orofa ya chini si yao, hiyo ni ya wakfu.”

Wakfu ni mali iliyotolewa kwa Mungu, haiuzwi, inasimamiwa na kamisheni, kodi yake inakwenda kwenye msikiti au kwa wahitaji aliowataja mtoaji. Nyumba nyingine za mji huu ni za serikali, zilizochukuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na watu binafsi juu, Mungu chini, na paa likivuja kila mmoja anamtazama mwenzake. Mzee alitueleza haya bila kuficha, na nilimwamini kuliko wote tuliokutana nao njiani, ingawa alikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Usiku tulipita Shangani, mbele ya nyumba ya Tippu Tip. Mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala Kasongo na Maniema, mashariki ya Kongo yetu, kwa bunduki alikufa hapa, kitandani, 1905. Yaya hakutaka kusimama.

Jumanne, Zanzibar

Asubuhi ofisi ya mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985. Tulitaka kujua tu mgeni anaruhusiwa nini. Kijana wa mapokezi alitujibu vizuri: kubadilisha dirisha, kibali, kupaka rangi nje, kibali, saruji kwenye ukuta wa kale, usifikirie. Yaya alitaka kumkumbatia.

Kuhusu umiliki, ardhi ya Zanzibar tangu Mapinduzi ni ya serikali, na sheria ya 1992 inawapa Wazanzibari haki ya kuitumia. Mgeni hukodishwa kwa muda, kwa uwekezaji. Njia iliyofunguka zaidi ni sheria ya nyumba za pamoja ya 2010, inayomruhusu mgeni kumiliki fleti ndani ya jengo. Ndiyo maana mchana tulijikuta Fumba, kusini ya mji, kwenye mtaa mpya kabisa wenye chati, mifano ya nyumba ndani ya vioo, na dada mwenye tabasamu aliyesema mgeni akinunua kuanzia dola laki moja anaweza kuombewa kibali cha ukaazi. Kila kitu kilikuwa wazi: karatasi, miaka, malipo kwa awamu. Pesa ya baba ingetosha chumba kimoja kidogo na deni.

Nikatuma picha kwenye familia. Wa Bruxelles akajibu upesi: “Hii ndiyo salama.” Wa Likasi: “Iko wapi mlango wa misumari?” Yaya aligonga ukuta wa nyumba ya mfano kwa kifundo cha kidole, akanitazama, akagonga tena. Hakusema kitu mbele ya yule dada. Ndani ya daladala alisema: “Ile ni nzuri. Lakini nitafanya nini mule?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi watano hatukutaka kitu kimoja. Wa Bruxelles anataka hati, mimi nataka mahali pa kutua mzigo, Yaya anataka ukuta wa kutunza. Picha moja ya mlango ilikuwa imetudanganya kwamba hiyo ni haja moja.

Alhamisi, Bagamoyo

Jana tulirudi bara na kumpigia simu mzee wa chokaa. Yeye ndiye aliyetupeleka kwa mama mmoja mjane, mtaa wa nyuma wa ule wa India, mwenye nyumba ndogo ya mawe aliyorithi peke yake, karatasi za mahakama zikiwa kwenye bahasha ya plastiki. Hauzi. Anapangisha vyumba viwili vya mbele na baraza.

Yaya alitoa kisu. Chumvi, ndiyo. Boriti mbili mbovu. Saruji kidogo tu, karibu na choo.

Wakili alikuja na basi la asubuhi. Mkataba wa miaka miwili, unaoweza kuendelezwa, kodi inalipwa kwa miezi sita sita. Ushuru wa stempu tumelipa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameshuhudia. Mama mwenye nyumba ananunua vifaa vya ukarabati, fundi ni mzee wa chokaa na wanawe, nasi hatugusi ukuta wa nje bila ruhusa. Yaya alidai kiongezwe kipengele kimoja, na wakili alikiandika akijizuia kucheka: pande zote zimekubaliana kwamba saruji haitatumika. Kazi yenyewe hatashika, maana mgeni hafanyi kazi bila kibali. Atakaa barazani na kusema.

Wakili alitukumbusha pia kwamba mkataba wa nyumba si ruhusa ya kuishi. Uhamiaji ni ofisi nyingine, na muhuri wa pasipoti una siku zake.

Jumapili, Lubumbashi

Mkutano wa familia nyumbani kwa Yaya, bukari (ugali) na sombe (kisamvu), wa Bruxelles kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Alikasirika. Tumekwenda kununua, tumerudi na kodi! Nilimsomea kifungu cha 20, nikamsomea ibara ya 15. Nikamweleza yule mrithi asiye na msimamizi, na orofa ya Kiponda yenye wakfu chini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema Fumba bado ipo.

Tulibishana mpaka jioni. Wa Kolwezi alikuwa upande wa Fumba, wa Likasi upande wa kurudisha pesa Kampemba, kununua parseli nyingine na kuisajili. Huku nyumbani sertifika, hati ya usajili wa ardhi, ikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, hakuna wa kuitikisa. Hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko nilivyotaka.

Mwisho tumegawana hivi. Kodi ya Bagamoyo nalipa mimi na Yaya, kutoka kwenye mafungu yetu. Baraza ni la mzigo wangu. Wa Likasi anatafuta parseli, naye konservateri, ofisa wa hati za ardhi, ataulizwa kabla ya muuzaji. Fungu la Bruxelles linabaki benki mpaka aje mwenyewe aione Fumba kwa macho yake, akatae au akubali. Amesema atakuja Desemba. Yaya amemwambia apitie Bagamoyo kwanza, na abebe nyundo ya mpira, maana za Lubumbashi ni ghali.